Mashine ya Elias

Siku ya kuniaga mlinipa doti ya kanga na mashine mpya ya kuchapa na kuskani, ikiwa bado kwenye boksi lake. Mkuu wenu akasimama akasema mama huyu tusimpoteze, hata akiwa nyumbani aendelee kutusaidia. Mkapiga makofi. Na mimi nikapiga, maana mbele ya ukumbi mzima ningefanya nini kingine? Kanga nimeshazivaa. Mashine sijaifungua.

Baadaye yule binti aliyerithi kiti changu alinifuata nje. Akasema, "Mama, niandikie basi mambo ya kuangalia mtu akitaka kununua printa ya nyumbani, yenye skana, nami niwe natuma nyaraka kwa imeili." Ni binti mwenye adabu, na swali lake ni la maana. Nitamjibu, lakini atavumilia nianzie mbali kidogo, kwa sababu mambo ninayoyajua kuhusu mashine hizo siwezi kuyatenganisha na yaliyonipata kwa ajili yake. Vyeo na mishahara siandiki. Yamo kwenye jalada langu, na mnajua lilipo.

Nilifika Mtwara mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwa uhamisho wa kumfuata mume. Elias wangu alikuwa amepata kazi bandarini, mimi nilikuwa mpiga chapa Njombe. Niliandika barua moja tu, ikapita, nikafunga mizigo. Nawaomba mkumbuke hilo mnaposoma huko mbele. Tulipanga nyumba Magomeni, nikaanza kujifunza kulala na joto.

Siku ya kwanza kazini, ofisi ya elimu, nilikuta mashine ya chapa ya chuma, nzito kama kinu, nikaisogezea kiti kwa furaha. Mzee Rafaeli, mkuu wa masjala, akanizuia. Alikuwa mtu wa Mahurunga, wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kabla hajazaliwa, na Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani kila kona.

"Kupiga chapa unajua?"

"Najua, baba."

"Basi usipige kwanza. Kaa na mimi hapa, usome majalada, ujue karatasi inatembeaje. Ntu asiyejua karatasi inatembeaje anapiga chapa bure."

Nikakaa. Alinifundisha kwamba barua ya mwalimu haiendi makao makuu kama mtu anavyokwenda sokoni. Juu yake huandikwa K.K., yaani kupitia kwa. Inapita kwa mwalimu mkuu, anaandika maoni yake na kugonga muhuri. Inapita kwa mratibu wa kata, naye vivyo hivyo. Inafika kwetu, mkuu wetu anaandika "Naipitisha," au anaandika lingine. Ndipo inakwenda. "Barua isiyopita kwa nkubwa wako ni barua ya mwizi," alisema Mzee Rafaeli, "hata kama yaliyomo ni kweli tupu." Nilimwamini. Nilikuwa mdogo, na utaratibu ulikuwa bado haujanigusa mimi.

Kazi ya miaka hiyo ilichafua mikono. Tulikata stensili, ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, unapuliza, unarudia juu yake. Kisha unazungusha saiklostaili, mashine ya kutoa nakala kwa mkono, hadi bega linakufa ganzi na vidole vinakuwa vyeusi kwa wino usiokubali sabuni. Masika ikifika na barabara kukatika kule Rufiji, magunia ya barua yalikaa kusubiri meli. Jibu lilipokuja, aliyeuliza ama alishasahau swali ama alishazikwa. Ninyi mnaolalamika mtandao unasuasua, hewala.

Kompyuta ilipokuja, ilikaa chumbani kwa mkuu, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mkuu wakati huo alikuwa Bwana Lugano. Wengi wenu hamkumkuta. Sitamsema kwa ubaya wa tabia, kwa kuwa hakuwa nao. Aliuliza habari za mtoto wako kwa jina. Ukiuguliwa, alikuja. Aliandika mwandiko wa duara, mzuri, kwa kalamu ya bluu, na kwa mwandiko huo ndio alinimaliza.

Elias alihamishiwa bandari ya Tanga katikati ya miaka ya elfu mbili. Tulikubaliana atangulie, mimi nibaki hadi mtoto wetu Neema amalize mtihani wake, kisha nifuate. Nilishamfuata mara moja. Sikuona sababu ya mara ya pili kuwa ngumu. Nilitaka kitu kimoja tu katika dunia hii, kuishi na mume wangu alipo, na sidhani kama kilikuwa kikubwa.

Maombi yalidai cheti cha ndoa, barua ya mwajiri wa mume na barua yangu mwenyewe, na makao makuu walikuwa wameanza kupokea nakala kwa barua pepe ili mambo yaende haraka. Ofisi yetu haikuwa na skana. Faksi ilikuwa imekufa, juu yake tuliweka chupa ya chai. Ndipo Elias, alipokuja likizo, akasema tununue ya kwetu. Kompyuta ya mtumba tulikuwa nayo, simu ya mezani pia. Tukakutana na wauzaji wa Kariakoo tulipokwenda Dar es Salaam, na hapa, binti yangu, ndipo swali lako linapojibiwa.

Muuzaji alitaka kutupa ile inayomeza karatasi kwa mdomo. Inapendeza, ni nyembamba, inakwenda kasi. Elias akamtolea cheti chetu cha ndoa, kilichokunjwa mara nne kwa miaka yote ile, mikunjo imeshakuwa matundu. "Ndugu, hiki kikiingia humo kitatoka?" Muuzaji akairudisha kwenye rafu. Kwa hiyo chukua yenye kioo na mfuniko, unalaza karatasi kama unavyomlaza mtoto. Na mfuniko uwe unanyanyuka hadi kwenye bawaba zake, ili hata kitabu kilale. Elias alikuwa karani wa shehena, bawaba alizijua. Alizifungua na kuzifunga mpaka muuzaji akaanza kuona haya.

Angalia pia kwamba kila rangi ya wino inakaa kwenye katriji yake. Zikikaa pamoja, nyekundu ikiisha unatupa na bluu iliyo nusu.

La tatu ndilo kubwa, na aliyeliuliza ni Elias, si mimi. "Wino ukiisha, itaskani?"

Muuzaji akacheka. "Mzee, skana haitumii wino. Ni taa tu."

"Toa katriji tuone."

Akatoa, huku akitutazama kwa huruma, akabonyeza. Mashine ikawasha taa nyekundu ikagoma, haichapi wala haiskani. Elias akamwambia alete nyingine. Ya pili nayo ikagoma. Ya tatu, ya kijivu, wala haikuwa nzuri ya sura, ikaskani bila tone la wino ndani. Tukabeba hiyo. Ukikaa Mtwara, ambako katriji inaagizwa Dar na kuja kwa basi Mungu akipenda, swali hilo ndilo la kwanza kuuliza, mengine ni mapambo.

Kitu cha kwanza kulala kwenye kioo kile kilikuwa cheti chetu cha ndoa. Elias alikuwa amesharudi Tanga, nikataka kumtumia nakala ili aone kama inasomeka. Nikaweka ubora wa juu kabisa, kwa heshima ya ndoa. Faili likawa zito kama gunia la korosho, laini ya simu ikalisukuma mchana kutwa, ikakatika, ikaanza upya. Nukta mia na hamsini kwa inchi zinatosha kwa barua, msijitese. Kurasa zote ziwe kwenye faili moja la PDF, si picha moja moja. Liite faili kwa jina la mtu, si jina ambalo mashine imejipa yenyewe. Kisha piga simu uulize kama limefika, kwa maana kutuma si kufika. Elias alijibu kesho yake kutoka kibanda cha intaneti: "Imefika. Nimeiona sahihi yako ya siku ile. Ulikuwa unatetemeka." Nilisoma maneno hayo mara nyingi kuliko nitakavyowaambia.

Ulimi uliponza kichwa. Kabla sijapeleka barua yangu kwa Bwana Lugano, makao makuu walitaka vyeti vya walimu kadhaa vihakikiwe, vitumwe kwa barua pepe upesi, ambaye chake hakionekani aondolewe kazini. Bwana Lugano akazunguka ofisini anashika kichwa. Nikamwonea huruma. Nikasema, "Mkuu, mimi ninayo nyumbani."

Mmoja wa walimu hao alikuwa Mwalimu Bernadu, alikuja kwa baiskeli kutoka njia ya Mahurunga. Cheti chake kilikuwa kimepigwa laminesheni, plastiki imeanza kuvimba. Alikaa ukingoni mwa kochi langu kama mtu aliyekuja kutoa damu.

"Mama, sisi wenye majina ya ng'ambo ya mto, tukiambiwa tulete karatasi, nnajua safari imeanza. Wenzangu wakileta, wanatazamwa karatasi. Mimi nnatazamwa uso."

"Cheti chako kina muhuri, mwalimu. Tulia."

Nikaskani kwa rangi nyeusi na nyeupe, nikatuma. Kikarudi: muhuri una mashaka, inaonekana ni fotokopi ya fotokopi. Nikaelewa. Sisi tumelelewa kuamini kwamba muhuri wa kweli ni wa bluu au zambarau, mweusi ni wa bandia. Nikarudia kwa rangi, na nyuma ya cheti nikaweka karatasi nyeusi ili maandishi ya upande wa pili yasichungulie. Kikapita. Wapo mpaka leo wanaodhani kuskani kwa rangi kunakula wino. Hakuli kitu. Skanini kwa rangi, watu wameponya kazi zao kwa hilo. Mwalimu Bernadu alirudi na mchele mpya wa bonde la mto, na aliponishukuru alinishika mikono yote miwili.

Tangu hapo sebule yangu ikawa masjala ndogo. Tarishi alikuja na majalada Jumamosi, akaja Pasaka. Wino alinunua nani, msiniulize. Nilikubali, nikidhani ninajiwekea akiba ya wema, siku nikileta barua yangu Bwana Lugano asiwe na moyo wa kuikataa.

Nikaileta. Aliniita ndani, akanikaribisha kiti.

"Mama Neema, ukiondoka wewe, na mashine imeondoka. Mimi nibaki na nini?"

"Nitawaachia mashine, mkuu. Bure."

"Mashine bila wewe ni boksi." Akatabasamu, na alikuwa anamaanisha kunisifu. "Nipe muda kidogo. Baba Neema ni mtu mzima, ataelewa."

Akaandika kwa kalamu ya bluu: *Asubiri hadi apatikane mbadala.*

Mwaka uliofuata nikaandika tena. *Mtumishi anahitajika sana kituoni.* Nikaandika ya tatu. *Tazama maoni yangu ya awali.* Na kila mara, kwa kuwa ofisi nzima ilikuwa na skana moja tu, barua hizo niliziskani mimi mwenyewe, sebuleni kwangu, kwa rangi, ili wino wake wa bluu uonekane ni halisi. Hakuna aliyeniagizia mbadala. Angetafutwa wa nini, na mimi nipo?

Mzee Rafaeli alikuwa amestaafu, amerudi Mahurunga kulima. Alipokuja mjini alipitia kwangu, nikamwonyesha maoni ya mkuu. Alisoma yote matatu polepole, kidole chini ya mstari, kama zamani.

"Kule shamba, jembe bovu kila ntu anakuazima," akasema. "Jembe zuri unaambiwa lipo, lakini hulioni."

"Sasa nifanyeje, baba?"

"Ungekuwa nvivu, mwanangu, ungekuwa Tanga."

Nilikasirika sana siku ile, na kwa mara ya kwanza niliamua kuandika barua ya mwizi. Nikaandika moja kwa moja makao makuu, bila K.K., nikaeleza miaka yangu na mume wangu, nikaambatisha cheti cha ndoa, nikatuma asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mashine haikunisaliti, barua ilifika. Jioni hiyohiyo jibu lilikuwepo: barua yako haijapitishwa na mkuu wako wa kituo, ianze upya kwa kufuata ngazi. Nakala kwa Bwana Lugano. Miaka ya meli ningesubiri jibu hilo miezi mitatu, na miezi mitatu hiyo ningeishi kwa matumaini. Bwana Lugano hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Neema, tumeishi vizuri mimi na wewe," na akaninyima usingizi kwa huruma yake.

Elias alikuwa akicheka kwenye simu. "Huko wanakuthamini kweli. Mimi hapa hata wasiponiona wiki hawajui." Alijipikia mwenyewe, na mwanamume anayejipikia anatia chumvi kama anayehifadhi samaki. Presha ilimwanza huko. Alipanga vyumba viwili ingawa alikuwa peke yake. Akamwagiza fundi atengeneze meza ya mninga, upana sawasawa na mashine, na nafasi ya kunyanyua mfuniko mpaka mwisho. "Meza ya mashine iko tayari," alikuwa akiniambia kila tukizungumza. "Mwenye mashine tu."

Kisha ofisi ikapata mashine yake. Mradi fulani uliileta, kubwa, nyeupe, inameza karatasi thelathini kwa mkupuo. Ilikuja na mtaalamu aliyefundisha asubuhi moja akaondoka na ndege ya mchana. Wiki hiyo Bwana Lugano aliniita bila mimi kuomba. Barua yangu ya tatu ilikuwa mbele yake. Akakata maoni yake ya awali kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika chini yake: *Naipitisha.*

"Unaona?" akasema. "Nilikuambia unipe muda."

Nikampigia Elias. Akasema ataipaka meza vanishi.

Wakati barua iko makao makuu, Elias alianguka bafuni. Majirani ndio waliomsikia, majirani ndio waliompeleka hospitali. Walinipigia nikiwa ofisini. Kutoka Mtwara hadi Tanga kwa basi ni siku mbili, na Elias hakuwa na siku mbili. Nilimkuta ameshafunikwa. Tulimzika kwao Njombe, penye baridi. Nilipokwenda kufungasha vitu vyake niliikuta meza, imepakwa vanishi, juu yake hakuna kitu. Majirani waliniambia alikuwa akila chakula chake kitandani, sahani magotini, ili meza isichafuke.

Binti yangu, nilikuambia nitakujibu na nimekujibu. Nunua yenye kioo. Nunua inayoskani bila wino. Skani kwa rangi. Na ukishainunua, ofisini usiseme. Mashine ya nyumbani ikae nyumbani, imsaidie mwenye nyumba. Mkiniita mchoyo, niiteni. Ile mliyonipa ipo nyuma ya mlango, boksi halijapasuliwa, njooni mwichukue wakati wowote isipokuwa Jumapili. Yangu ya kijivu inanitosha. Iko juu ya meza ya mninga.

Limebaki moja. Niliporudi kutoka msibani nilikuta uhamisho wangu umeidhinishwa: kwenda Tanga, sababu, kumfuata mume. Bwana Lugano alikuja kunipa pole, alikuja kwa moyo kabisa, macho mekundu. Sasa amestaafu, amejenga Mtawanya, tukikutana tunasalimiana. Siku ile ya pole akaniuliza nitaripoti lini.

"Kwa nani, mkuu?"

Utaratibu ulinitaka nieleze kwa maandishi kwa nini siendi, kupitia kwake. Nikaandika mistari miwili. Ile mashine kubwa ya mradi ilikuwa imegoma, wino wa njano umekwisha na haiskani bila wino. Nikaenda na barua nyumbani, nikailaza kwenye kioo cha Elias, kwa rangi, mwandiko wa duara ukaonekana vizuri. Katika barua zangu zote za uhamisho, hiyo ndiyo pekee Bwana Lugano aliyoipitisha siku hiyohiyo.